Malezi ya Watoto Wadogo: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Malindi

Nafundisha chekechea hapa Malindi, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wazazi hukusanyika chini ya mwarobaini wa shule. Wengine huja kwa miguu kutoka Barani na Maweni, wengine hupanda boda kutoka Ganda, na mmoja hufunga safari toka Kakuyuni. Maswali ni yale yale, nami koo limenikauka kwa kuyajibu, kwa hiyo nimeyaandika. Sikuyapanga kwa uzito. Yako mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja au miwili kwa sababu hayana mengi.

Mtoto anaanza kujifunza lini? Si akiingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea?

Akiingia PP1 ana miaka minne, na kazi kubwa imeshafanyika bila mwalimu. Ubongo wa mtoto wa miaka miwili umeshafika kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miaka hiyo ya mwanzo seli zake huunganika kwa kasi isiyoaminika, zaidi ya miunganiko milioni moja kwa sekunde. Inayotumika hubaki, isiyotumika hupogolewa. Ndiyo maana kliniki wanazungumzia siku 1,000, kuanzia mimba inapotunga hadi mtoto anapotimiza miaka miwili.

Kinachoimarisha miunganiko hiyo ni kujibiwa. Mtoto anatoa sauti, anayemlea anaitikia. Anakodoa macho, naye anaangaliwa. Analia, anachukuliwa. Wenzetu wa Tanzania wanayaita malezi yenye mwitikio, nami sijapata jina zuri kuliko hilo.

Kuna mama anayekaanga bajia karibu na steji ya matatu. Siku moja nilikuwa nangoja za shilingi hamsini, mtoto wake wa miezi minane au tisa yuko mgongoni kafungwa leso. Mtoto akasema, "Ba-ba-ba." Mama, macho yako kwenye karai: "Ehe! Halafu?" "Ba." "Mh, nawe ukamwambiaje?" Mtoto akacheka. Bajia zikageuzwa, pesa zikapokelewa, mazungumzo yakaendelea. Niliondoka nikasahau chenji yangu.

Mimi niko hotelini kutwa, mtoto analelewa na bibi yake. Nimemkosesha?

Hujamkosesha. Mtoto anaweza kushikamana na watu watatu au wanne, mradi ni wale wale kila siku na wanamjali. Kinachomvuruga ni kubadilishiwa mlezi kila mwezi, leo dada wa kazi huyu, kesho jirani, keshokutwa binamu.

Na bibi msimdharau. Mwaka jana nilimtembelea hawe mmoja upande wa Ganda aliyebaki na mjukuu wa miaka mitatu. Walikuwa chini ya mnazi, kaweka nazi mkekani kwa mstari. "Hiki?" "Kidaka." "Na hiki?" "Kitale." "Hili?" "Dafu!" Likafuata koroma, ikafuata nazi. Kisha akazivuruga, mtoto azipange upya toka changa hadi iliyokomaa. Mimi hutumia muhula mzima kufundisha kupanga vitu kwa mfuatano, tena kwa kadi za kununua. Yule mtoto alikuja kwangu anajua tayari.

Kama unamwachia msichana wa kazi, hakikisha ni mtu mzima. Msichana wa miaka 14 anatakiwa awe darasani mwenyewe, wala si kulea mtoto wa mwenzake.

Sheria inasemaje kuhusu likizo ya uzazi?

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kukamua au kunyonyesha. Kwenye karatasi ni nzuri sana.

Sasa piga hesabu. Ushauri wa kliniki ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, bila uji, na baada ya hapo chakula pamoja na maziwa hadi miaka miwili. (Waislamu miaka hiyo miwili mnaijua toka kwenye Qurani, Suratul Baqara aya ya 233, kabla hamjaambiwa na nesi yeyote.) Likizo ni miezi mitatu. Ile mitatu mingine nani anaibeba? Na hapa Malindi wengi si waajiriwa wa kudumu. Ni vibarua wa msimu: wageni wakija unaitwa, wakiondoka umekwisha. Mama wa namna hiyo hurudi kufua mashuka wiki ya tano, kabla hata arubaini haijatimia, kwa sababu asiporudi nafasi inachukuliwa. Kumwambia mama huyu kwamba hajali mtoto wake ni dhambi. Aliyemkosea ni sheria isiyomfikia.

Linalowezekana leo: kamua maziwa kwa mikono safi, yaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko, mtoto apewe kwa kikombe. Pasipo friji yakae masaa manne tu, na kwa joto letu la Februari ni bora yatumike mapema zaidi. Na kama una mkataba wa kazi, usome. Nimekutana na akina mama wenye haki ya miezi mitatu waliopewa mwezi mmoja na nusu wakashukuru.

Kwa nini wanasema watoto wa Kilifi wamedumaa?

Kwa sababu takwimu ndizo zinazosema hivyo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kilifi, asilimia 37. Hatukuwa katikati ya orodha, tulikuwa mwisho kabisa. Kaunti yenye bahari, yenye nazi, yenye mahoteli ya kifahari kutoka Watamu hadi Mambrui.

Kudumaa si ufupi wa kurithi. Ni mtoto kukosa lishe kwa muda mrefu, au kuugua tumbo tena na tena, hadi mwili unaacha kurefuka ili uokoe kilichobaki. Na mwili unapobana matumizi, ubongo nao hubanwa. Kwa hiyo ninapoona mtoto wa miaka mitano mwenye kimo cha miaka mitatu, sishangai akichelewa kuhesabu.

Sababu ziko nyingi na hazitoki jikoni peke yake. Upande wa Langobaya na Baolala mvua zikikosa, mahindi hakuna. Maji ya vidimbwi huleta kuhara. Mama akibeba mimba nyingine mapema, aliye kifuani anaachishwa. Hayo mzazi peke yake hayawezi.

Lakini kuna mambo mawili ya mezani ambayo huwa nayasema hata nikichukiwa. La kwanza ni chai. Mtoto wa mwaka mmoja anapewa chai na mkate asubuhi, chai na mahamri jioni, na tumbo linajaa kweli. Ila chai ina kitu kinachozuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na bila chuma damu inapungua, mtoto anakuwa mzito wa kucheza na mzito wa kujifunza. Mpe uji, mpe maziwa, maji ya ndimu kidogo na chakula. La pili ni samaki. Baba anapewa mnofu, watoto wanapewa mchuzi. Mnofu ule, ukitolewa miiba na kupondwa kwenye ugali au wali, unamtosha mtoto wa miaka miwili na ukabaki. Vidagaa ni rahisi zaidi na vizuri vile vile. Kunde, mchicha, kisamvu, yai mara unapoweza. Hata mchunga, pamoja na uchungu wake.

Unga je?

Tangu 2012 sheria inawataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini kwenye unga wa pakiti wa mahindi na ngano. Unga wa posho, ule wa kusagisha kwenye mashine ya mtaani, hauna nyongeza hiyo. Sisemi uache posho, nami nasaga. Nasema mboga na samaki ndio wafidie.

Mtoto wangu amekonda na miguu imevimba. Wazee wanasema ni chirwa. Nimpeleke wapi?

Hospitali, leo.

Kwa asiyejua, huku kwetu chirwa ni maradhi ya mtoto yanayosemekana kuletwa na mzazi aliyetoka nje ya ndoa. Sitaki kubishana na mila ya mtu hapa. Ninachokiona ni matokeo yake: mama anaogopa kupeleka mtoto zahanati kwa sababu kumtoa nje mtoto aliyekonda ni kama kutangaza zinaa. Anamfunika leso, anamficha ndani, wiki mbili zinapita. Wiki mbili hizo ndizo zinazoua.

Kule kliniki watamvisha mkononi utepe wenye rangi. Mzingo wa mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kati ya hapo na 12.5 ni njano. Kwenda juu ni kijani. Hiyo ni kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano. Miguu yote miwili ikivimba, anaingizwa kwenye matibabu hata kama mkono haukusoma nyekundu. Wengi hutibiwa wakiwa nyumbani kwa ile lishe ya karanga ya pakiti, ambayo ni dawa ya mtoto huyo peke yake, si ya kugawiwa ndugu. Wanaolazwa ni wenye homa, wasiotaka kula, au waliolegea.

Ukitaka baada ya hapo kwenda kwa mganga kutuliza moyo wa wazee, nenda. Hospitali kwanza.

Chumvi inahusiana nini na akili?

Nalipenda swali hili, kwa sababu jibu lake liko hapa jirani.

Chumvi nyingi ya Kenya hutoka kaskazini yetu, mabwawa ya Gongoni, Marereni na kwendelea. Ukipita barabara ya Garsen unaona vilima vyeupe, mgeni hudhani ni mchanga. Sheria ya Kenya, tangu miaka ya 1970, inataka chumvi ya kula iwekwe madini joto kabla ya kuuzwa. Sababu ni ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mama akikosa madini joto, mtoto anaweza kuzaliwa na akili iliyopungua, na hakuna darasa la kumrudishia. Kinga yake ni matone machache kwenye gunia. Kati ya sera zote ninazozijua, hii ndiyo ya bei rahisi kabisa kwa faida iliyoleta, na hakuna anayeishukuru kwa kuwa hakuna anayeiona.

Ubaya ni kwamba wapo watu wa karibu na mabwawa wanaotumia chumvi ya mawe, ile ghafi, kwa kuwa ni ya bure au bei ya chini. Haina madini joto. Mjamzito asiitumie kabisa. Na hata ya pakiti, ukiiweka wazi kandokando ya jiko ikapata joto na unyevu, madini hupotea. Itie kwenye kopo la kifuniko, uikoleze kwenye mchuzi mwishoni.

Wanja kwa mtoto mchanga una ubaya?

Unao. Wanja wa manga mara nyingi una madini ya risasi, na risasi ni sumu ya ubongo, hata kidogo. Mtoto anajipangusa macho, anaingiza vidole mdomoni. Najua ni urembo, najua ni kinga ya kijicho. Bibi zetu hawakujua kilichomo. Sisi tunajua.

Wakazi wa Owino Uhuru pale Mombasa waliijua risasi kwa njia chungu, kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa katikati ya nyumba zao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Wanja unaweza kuufuta leo jioni kwa kitambaa na maji. Kiwanda kinahitaji serikali.

Chanjo zimeisha miezi tisa. Niende kliniki kufanya nini tena?

Hazijaisha. Baada ya zile za kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14 na miezi 9, kuna surua na rubela ya pili miezi 18, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Kuna vitamini A kila miezi sita hadi miaka mitano. Na kuna mizani. Kitabu cha kliniki kina mchoro wa ukuaji ndani. Mwambie nesi akuonyeshe mstari wa mwanao unaelekea wapi. Ukilala kwa miezi miwili mfululizo, hapo pana neno, hata kama mtoto anacheza.

Haya mambo ya kuongea na mtoto na kumchezesha si ya Wazungu?

Utafiti unaotajwa zaidi haukufanywa Ulaya. Ulifanywa Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, kwenye mitaa ya watu wa hali ya chini. Daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja, kwa miaka miwili, na wanawake wa afya ya jamii waliokuja na vitu vya kuchezea vya kutengeneza kwa mikono na kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Si zaidi ya hapo. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa wanalipwa asilimia 25 zaidi ya wenzao wasiotembelewa.

Soma tena: wanawake wa mtaani, saa moja, vitu vya mikono. Sisi tuna vifuu vya ukubwa mbalimbali vinavyopangana kama bakuli, tuna magari ya waya, wanasesere wa matambara, mdako wa kufundisha kuhesabu, na vitendawili kila magharibi. Na tangu Septemba 2023 nchi ina wahudumu wa afya ya jamii kama laki moja wanaolipwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu na serikali kuu na nusu na kaunti. Anayepita kwako akija kupima presha, mwulize pia kuhusu mtoto. Wamefundishwa, ila hawaulizwi. (Na wakati mwingine pesa zao huchelewa, jambo linaloeleza kwa nini hajapita tangu mwezi jana.)

Simu?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: chini ya miaka miwili, hapana, miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora. Simu haimjibu mtoto, na sijui namna fupi zaidi ya kulieleza.

Nimzungumzie Kiingereza ili asipate shida shuleni?

Mzungumzie lugha unayoijua kwa utamu wake, ile unayoweza kumtania nayo, kumgombeza na kumbembeleza. Kama ni Kigiriama, Kigiriama. Kama ni Kibajuni, Kibajuni. Mtoto aliyejaa maneno ya lugha moja huhamisha akili yake kwenda lugha ya pili bila tabu. Anayepewa Kiingereza cha maneno thelathini nyumbani, "come, sit, don't touch", huja kwangu hana lugha hata moja. Mtaala wenyewe unataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Shule nyingi za kulipia hazifuati, na wazazi ndio wanaozisukuma.

Na hapana, lugha mbili hazicheleweshi mtoto kuongea.

Mtoto aende chuoni (madrasa) kwanza au nasari?

Vyote viwili vinawezekana, na hili Pwani tulishalitatua zamani. Miaka ya 1980 pale Mombasa mwalimu aitwaye Swafiya Said, kwa msaada wa wakfu wa Aga Khan, alianza kuzigeuza madrasa kuwa pia chekechea: dini, michezo, hesabu na lugha chini ya paa moja, na walimu ni mabinti wa mtaa waliopewa mafunzo. Mpango ulivuka ukafika Zanzibar na Uganda. Walianza na kile watu walichokiamini tayari, na ninaona hapo ndipo palipokuwa na ufundi wao.

Nasari ni kazi ya nani, serikali kuu au kaunti?

Kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto. Darasa la PP1 likikosa paa, kumlalamikia mbunge ni kupoteza muda wake na wako. Mwone mwakilishi wadi. Kuanzia gredi ya kwanza ndipo inaingia Nairobi.

Mambo mengine ya kisheria yanayoulizwa sana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumnyima mtoto nafasi kwa mtihani wa kuingilia. Anaweza kupimwa tu ili apangiwe darasa. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 36, imepiga marufuku kumchapa mwanafunzi na kumtesa kiakili. Ndiyo, hata wa PP1. Ndiyo, hata kama wewe mzazi umenipa ruhusa. Kila mwaka kuna baba anayeniletea mtoto pamoja na fimbo, nami hupokea mtoto.

Mbona hamwandikishi mtoto? Kila siku anarudi na mchanga.

Mkono ulioshika udongo, ukapasua maharage na kuzungusha kifuniko cha chupa ndio utakaoshika kalamu bila kutetemeka. Mtaala wa PP1 na PP2 umejengwa kwenye mchezo, na sijui mwalimu wa watoto wadogo anayeujua mkono wa mtoto akaupinga. Shida yetu ni mashindano. Shule ya jirani ikitoa kazi ya kurasa nne, mzazi anadhani mimi nalala.

Mtoto wangu wa mwaka na nusu hajatembea / hasemi. Nisubiri?

Watoto hutofautiana, lakini kuna mipaka. Wengi hukaa wenyewe kabla ya miezi tisa, na kutembea kabla au karibu na miezi 18. Akipita hapo bado, au kufika miaka miwili hana maneno, au akiitwa hageuki, usisubiri. Anza na masikio. Nimewahi kuwa na mvulana aliyeitwa mkaidi nyumbani kwao kwa miaka mitatu, kumbe hasikii.

Msiogope pia kwamba atapimwa kwa vipimo vya watoto wa London. Kilifi hapa, watafiti wakiongozwa na Profesa Amina Abubakar walitengeneza kipimo chao cha makuzi ya watoto wa miezi 6 hadi 35, kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa kijijini kwetu anavijua. Mtoto akionekana ana hitaji maalum, uliza kituo cha tathmini ya elimu maalum kilicho karibu. Kumfungia ndani hakumfichi yeye; kunamfunga.

Baba anahusika wapi?

Kila mahali. Katiba, ibara ya 53, inasema mtoto ana haki ya malezi na ulinzi wa wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Huo ndio upande wa sheria. Upande wa nyumbani ni kwamba mvuvi anayerudi alfajiri ana asubuhi nzima, na mwanawe yuko macho. Muonyeshe changu, muonyeshe tafi, mwambie yupi ana miiba ya sumu. Dakika kumi zinatosha.

Mama amejifungua, analia tu, mtoto hamtazami. Ni jini?

Huenda ni huzuni ya baada ya kujifungua, nayo ni maradhi yenye tiba. Arubaini yetu ilikuwa dawa nzuri: mzazi anakandwa, anapikiwa, halali peke yake. Mtaa wa vyumba vya kupanga hauna arubaini. Mama yuko na kuta nne na mtoto anayelia. Mpelekee chakula, mshikie mtoto alale masaa mawili. Ikizidi wiki mbili, au akisema anataka kujidhuru au kumdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake.

Tuseme tunataka kaunti ibadilike. Tunaanzia wapi?

Kwenye bajeti, na kwa tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya matumizi hufika huko kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Kabla ya hapo sheria inataka maoni ya wananchi. Vikao hivyo hutangazwa, na huwa nusu tupu. Mwaka fulani tulikwenda tisa, tukasikiliza hotuba, tukasema "tunaomba elimu iboreshwe", tukanywa soda, tukarudi. Hatukupata kitu, na tulistahili. Mwaka uliofuata tulienda na karatasi moja: watoto 84, vyoo viwili, tangi halina, uji siku tatu kwa wiki. Tangi lilikuja, la lita 5,000, baada ya miezi kumi na moja. Uji bado tunaudai.

Nije na nini siku ya kuandikisha PP1?

Nakala ya cheti cha kuzaliwa ikiwa kipo. Kama hakipo, njoo na mtoto tuandike huku ukikifuatilia kwa naibu chifu. Kitabu cha kliniki. Namba za simu za watu wawili, mmoja awe anapokea. Kandambili zilizoandikwa jina, maana zote ni za buluu. Na kikombe cha plastiki chenye mkono, kisiwe bilauri, uji huwa wa moto.